Mtunzi wa muziki wa jukwaa na filamu niliyemtoa Unguja: nyota nne, ya tano nimeizuia

Toka tumalize maonyesho ya igizo letu watu wananiuliza ule muziki tumeutoa wapi, nani kapiga, bei gani, na je huyo mtu anafanya na filamu au ni mambo ya jukwaani tu. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja kwa hiyo naandika hapa mara moja, mwenye kusoma asome. Jina simtaji, na sio kwamba nambania mtu riziki, ni yeye mwenyewe kaniambia dada usinitangaze mpaka Ramadhani ipite, nna kazi tatu na mikono miwili. Anayemuhitaji kweli anitafute, ntamuuliza yeye kwanza.

Ni mtunzi wa Unguja, mtu mzima, namwamkia shikamoo na simu naipokea nimekaa vizuri. Udi na fidla kajifunza kwenye vikundi vya taarab toka kijana, baadae akapita Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi enzi zile kipo kwenye jengo la forodha ya zamani pale Mizingani, na kompyuta kajifundisha mwenyewe kwa kuharibu. Ndani ya mwaka mmoja kanifanyia kazi mbili: igizo letu la saa moja na nusu, tulilicheza Dar na baadae Ngome Kongwe kule Unguja, na filamu fupi ya dakika 18. Igizo milioni moja na nusu, filamu milioni mbili, hizo ni za kwake kutunga na kurekodi, wapigaji ala unawalipa mbali. Nusu advansi. Kama ulikuwa unategemea muziki wa laki mbili hapa hapakufai, ishia hapa tu usijitese.

Sasa niwaambie kwa nini nililipa.

Igizo letu la kabla ya hili nilifanya kama wanavyofanya wengi, nikaingia intaneti nikashusha muziki wa huzuni, wa furaha na wa hatari, nikampa kijana wa sauti akaupanga kwenye laptopu. Mazoezini ulikaa vizuri tu. Usiku wa kwanza dada anayecheza mama kavua khanga ya kichwani taratibu kuliko siku zote, watu wamenyamaza, mimi pembeni najisemea leo leo, na muziki ukaisha. Yani ukaisha kabisa, kisha yule kijana akababaika akabonyeza unaofuata na unaofuata ulikuwa wa harusi. Mama analia msiba na nyuma yake vigelegele. Ukumbi ulicheka mpaka nikatamani ardhi ipasuke. Kosa sio la kijana, ni langu niliyedhani muziki wa jukwaani unanunuliwa kwa dakika kama bando.

Kwa hiyo nilipoenda kwa huyu maalim (waigizaji wote sasa wanamwita maalim) nilikuwa nimeandaa orodha yangu nzuri kabisa, onyesho la kwanza dakika mbili, la tatu dakika nne, la mwisho tatu na nusu. Akaisoma, akaikunja, akaiweka chini ya kikombe cha chai. Kisha akauliza swali moja ambalo hakuna fundi muziki aliyewahi kuniuliza: "Wapi hapatakiwi kitu?"

Nikakosa jibu. Akasema basi nenda katafute hapo kwanza, pengine nijaze mimi.

Wiki nzima akaja mazoezini Dar, kwa nauli yangu na naitaja makusudi maana boti kwenda na kurudi mara kadhaa inauma, akakaa nyuma kabisa hana hata ala, kashika simu anapima muda na kuandika kwenye daftari la shule. Sikuelewa. Waigizaji nao hawakuelewa, mmoja akaniuliza dada huyu ni mtu wa muziki au wa mapato? Siku ya Ijumaa akaniita akanionyesha. Onyesho la tatu, ambalo nalo lina mama wa kuvua khanga, Jumatatu dakika 4 na sekunde 10, Jumanne dakika 5 na sekunde 25, Alhamisi dakika 3 na sekunde 50. Maneno yale yale, watu wale wale. "Wewe ulitaka nikupe muziki wa dakika nne," akasema. "Dakika nne za siku gani?"

Huyo ndio mtu niliyemlipa, na kama huna muda wa kusoma mengine shika hapo. Anajua kwamba jukwaa linapumua, leo haraka kesho taratibu, na muziki wake ameutengeneza upumue nalo. Alichofanya ni kutunga vipande vifupi vifupi vinavyozunguka, na kila mzunguko una mlango wa kutokea. Mpigaji fidla hafuati karatasi, anafuata mkono wa mama. Mkono ukiwa bado kwenye khanga anazunguka, anazunguka, ukishuka anatoka kwenye mlango wa karibu, kwenye mapigo manane hivi, na msikilizaji kule kwenye viti anaona kama wimbo uliandikwa uishie pale pale tangu dunia iumbwe. Usiku wa pili Dar mama alikaa na ile khanga muda mrefu kuliko siku zote, mpaka mie nimeanza kutoka jasho, fidla ikazunguka tu kama hakuna kitu. Hakuna aliyecheka.

Wapigaji walikuwa watatu, fidla, udi (anapiga mwenyewe) na kijana wa dumbaki, ile ngoma ndogo. Mie nilitaka spika, yeye akakataa, akasema ukiweka spika mtu anajua muziki unatoka wapi, ukimkalisha mpigaji nyuma ya tanga muziki unatoka baharini. Igizo lenyewe linahusu familia ya mafundi majahazi, baba anataka kiwanja cha kuchongea kibaki ufukweni na wanawe wanataka kiwanja kiuzwe ijengwe hoteli, kwa hiyo tanga tulikuwa nalo tayari. Hapo tulipata vya bure.

Na ngoja nisisahau ya Nungwi. Kabla hajatunga hata noti moja alienda Nungwi kule wanapochonga majahazi, akashinda siku mbili na kirekodia chake. Akarudi na sauti za tezo, za keekee ile ya kuzungushwa kwa upinde ikiingia kwenye mbao, na hasa za kalafati. Wasiojua, kalafati ni kule kuziba nafasi za mbao kwa pamba iliyoloweshwa mafuta, fundi anaisindilia kwa patasi na nyundo, na wakikaa mafundi watatu wanne kwenye ubavu mmoja wa jahazi kila mmoja na nyundo yake, bila kupangana, baada ya muda nyundo zinapangika zenyewe, huyu anagonga mwenzie anaitikia. Nimesikiliza ile rekodi gizani na hedifoni, ni ngoma kamili. Akamfundisha kijana wa dumbaki mapigo yale yale, kwa hiyo igizo linafunguka na nyundo halisi, taratibu nyundo zinageuka dumbaki na wewe kwenye kiti hujui zimegeuka saa ngapi, na mwisho kabisa kiwanja kinapouzwa dumbaki inaacha pigo moja moja. Leo moja kesho mbili. Mpaka linabaki pigo moja pekee halina wa kulijibu. Baba yangu mdogo ambaye hajawahi kusifia kitu chochote nilichofanya alitoka pale akaniuliza yule mmoja mbona alibaki peke yake. Hajui kwamba alikuwa anauliza juu ya ngoma.

Ngome Kongwe nayo alitunusuru. Nilishatoa tangazo tunaanza saa moja usiku. Akanipigia, akaniuliza dada umetazama saa ya Isha? Sikutazama. Ukumbi wetu wa Dar una kuta, feni na mapazia, adhana unaisikia kwa mbali, pale Ngome ni wazi mpaka kwenye nyota na misikiti ya Mji Mkongwe imekuzunguka pande zote. Isha kipindi kile ilikuwa kwenye saa moja na nusu hivi, akapiga hesabu kwenye daftari lake, "itakukuta katikati ya kilio." Tukasogeza mpaka saa mbili na nusu, watu wameshasali, wameshapita Forodhani wamekula, wamekuja wametulia. Sasa hilo sio muziki, ila mtunzi anayefikiria sauti zote zitakazokuwepo usiku ule, mpaka zile zisizo zake, sijawahi kumpata mwingine.

Haya, filamu.

Hapa ndio nilikuwa na wasiwasi, nikajisemea huyu ni mtu wa udi na jukwaa, filamu yetu ni ya Dar, usiku, muuza kahawa wa mitaani anamtafuta mwanae Manzese kuanzia saa tano mpaka alfajiri. Atanijazia taarab humu. Nikamwambia wazi kabisa maalim sitaki taarab. Akacheka akasema na mie sitaki.

Akabadilika mtu mzima. Yule aliyekuwa anazungumzia pumzi sasa anazungumzia fremu, zile picha moja moja zinazopita kwenye filamu. Wakati wa igizo aliniambia achana na saa, kwenye filamu kitu cha kwanza aliuliza picha imefungwa? Maana yake mmemaliza kuediti, hakuna tena kukata wala kuongeza, maana ukikata sekunde mbili baada ya yeye kutunga umemkata yeye mguu. Akataka kopi yenye saa inayotembea pembeni ya kioo, akataka kujua fremu ngapi kwa sekunde, akataka sauti 48 kilohezi (kipimo cha kurekodi sauti) na mazungumzo yametengwa peke yake. Mie nikampa edita wetu namba yake waelewane wenyewe.

Wakaelewana vibaya. Tulipiga picha kwa fremu 24, edita wakati anatoa ile kopi ya mtunzi kaiweka kwenye mpangilio wa 25 na programu ikaziendesha zile fremu haraka kidogo. Kwa macho huoni kitu. Siku ya pili maalim kapiga simu usiku, hajasema fremu wala nini, kasema "huyu mzee sauti yake sio hii." Muuza kahawa wetu ni mzee ambaye maalim aliwahi kuonana nae mara moja tu, kwa chai, nusu saa. Akasema sauti imepanda kidogo, haifiki kitufe kizima cha kinanda lakini imepanda, hebu angalieni. Tukaangalia. Filamu ya dakika 18 kwake ilikuwa dakika 17 na sekunde 17. Sekunde 43 zimepotea njiani! Angetunga juu ya ile tungekuja kubandika muziki kwenye filamu halisi kila kitu kinawahi, kidogo kidogo, mpaka mwisho mlango unafunguka kwenye picha wakati kwenye muziki umeshafunguka zamani. Edita ni rafiki yangu na simlaumu sana, ila kuanzia siku ile kila kopi inayotoka naipima urefu mwenyewe kabla ya kutuma, na nyie fanyeni hivyo.

Kingine alichonigombeza, kabla hata ya yale ya fremu, ni muziki wa kuazima. Wakati tunaediti tulibandika muziki wa filamu moja kubwa ya Hollywood ili tupate mwendo, kila mtu anafanya hivyo, na tukauzoea. Ukishauzoea umekwisha, hutaki kingine. Kumtumia nikamtumia na ule muziki ndani. Akanirudishia: "Yakhe, toa huo kwanza. Umeshaoa, mie unaniletea posa ya nini?" Ikabidi tuutoe, na bila muziki ndio nikaona sehemu mbili tulizokuwa tumeziacha ndefu bure, muziki wa watu ulikuwa unazibeba. Tukazikata. Tukafunga picha upya, dakika 18 kamili ndio ikapatikana hapo, na akaanza kuhesabu tarehe zake upya pia, nalifikia hilo.

Prodyuza wetu nae alikuwa na lake, anataka kwaya. Kubwa, ya watu sitini, kama Baba Yetu, ule wimbo wa geimu wa kiswahili uliochukua Grammy 2011, ule unaoimbwa na kila kwaya dunia nzima sahivi. Maalim akasema ule ni mzuri sana, umeandikwa watu wajenge dola nzima kwenye kompyuta, huyu wenu anatafuta mtoto na ana birika la kahawa. Kwaya ikafa hapo hapo. Prodyuza alinuna siku tatu.

Sasa sikiliza alichotengeneza. Mnawajua wauza kahawa wanavyotembea, mkono mmoja birika na mkaa wake chini, mkono mwingine vikombe, na wanavigonganisha, tik-tik, tik-tik, ndio tangazo lao. Akaniambia niletee vikombe vyenyewe, vile vya kwenye filamu. Nikampelekea sita. Akavirekodi kimoja kimoja, vikavu, vyenye maji robo, nusu, vimefunikwa kiganja, akapata kama kinubi kidogo cha udongo. Ndio wimbo wote wa yule mzee umetoka humo. Mwanzo wa filamu ni vikombe tu kama vilivyo mtaani, hujui kama ni muziki, baadae mzee ameshika birika hatembei, vikombe viko chini mezani, lakini unavisikia. Hapo mgongo ulinisisimka maana mkono wa mzee hautikisiki na sauti ipo, ipo kichwani mwake.

Chini ya vikombe kaweka sanduku. Waliowahi kuhudhuria kidumbaki Unguja wanalijua, boksi la mbao limepinduliwa, fimbo imesimama, uzi mmoja tu toka juu ya fimbo mpaka kwenye boksi, mpigaji anavuta fimbo uzi unakaza sauti inapanda, analegeza inashuka. Kwenye harusi linapiga besi ya kuchezea kiuno. Yeye akamkalisha mpigaji chumbani kwake, magodoro mawili ukutani na moja mlangoni, maiki akaiingiza chini ya boksi lenyewe, akamwambia usipige, vuta tu fimbo taratibu mpaka nikuambie basi. Ile sauti sijui niielezeeje, ni kama mtu anataka kusema kitu tumboni kikakwama. Nilikuwepo, nimekaa juu ya kindoo mlangoni na joto la yale magodoro, tumezima feni ili isisikike, mpigaji jasho linamdondoka kwenye boksi tukarudia maana tone nalo limesikika. Mara ya nne ndio iliyoingia kwenye filamu.

Na singeli ipo, ule muziki wa mbio wa uswahilini! Manzese bila singeli ni uongo. Lakini badala ya kuibandika kama ilivyo, akatengeneza mwenyewe mapigo ya singeli, 240 kwa dakika, akayapunguza mwendo mpaka 60 bila kuyarekebisha sauti, yakashuka oktavu mbili chini. Ule mlio wa ngoma unaokimbia kama mbio za panya ukawa kitu kizito kinatembea mbali nyuma ya nyumba. Vijana wa Tandale tuliowaonyesha filamu mmoja alisema hii naijua, hii naijua, ila hakuweza kusema ni nini. Alikuwa ameicheza wiki ile ile kwenye kigodoro, ile ngoma ya mtaani ya usiku.

Alafu mwisho, mzee anapomkuta mwanae, hakuna kitu. Dakika moja na sekunde 20 hakuna muziki kabisa, ni bodaboda za mbali na jogoo. Nilimuuliza hapa je? Akajibu, hapa ndipo ulipokosa jibu siku ile kwa chai. Nikakaa kimya maana kweli, lile swali sikuwahi kulijibu, kalijibu yeye.

Makaratasi. Huyu mtu ana mkataba, kurasa mbili, kiswahili kinachoeleweka. Muziki ni mali yake na anausajili COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, kwa jina lake, sisi tumepewa ruhusa ya kuutumia jukwaani, kwenye filamu na kwenye matamasha, televisheni wakinunua tunakaa tena mezani. Mwanzoni niliona ananibania. Baadae tukaanza kujaza fomu za kupeleka filamu kwenye matamasha, kila moja inauliza nani mwenye haki za muziki, nikashukuru, maana marafiki zangu walitia wimbo wa zamani wa taarab kwenye filamu yao wakidhani mwenyewe kashafariki basi ni wa wote, mpaka leo wanatafuta familia ya kuomba ruhusa. Pia alitupa muziki umetenganishwa, vikombe faili lake, sanduku lake, ngoma lake, ili fundi wa kuchanganya sauti akiona vikombe vinafunika maneno ashushe vikombe tu bila kuua vingine. Omba hivyo kwa mtunzi yeyote, akikataa jiulize.

Haya tuje kwenye nyota ya tano.

Huyu bwana hachelewi kwa bahati mbaya, anachelewa kwa imani. Igizo alileta muziki wa mwisho siku mbili kabla ya onyesho, waigizaji wamepauka midomo. Filamu tulikubaliana wiki tano, zikawa tisa. Ukweli wiki mbili ni zetu sisi kwa ile kukata upya na yale mambo ya fremu, ila mbili zingine nikipiga naambiwa "bado haijaiva". Mie sio mpishi, nina tarehe ya tamasha.

Hajui kuandika meseji. Anatuma voisi. Voisi ya chini kabisa niliyowahi kupokea ni dakika nne, ya juu dakika 11, na jambo lako limo katikati, huku na huku anakueleza habari za mvua, kuku wa jirani, na fidla ya marehemu fulani ilivyokuwa inalia. Ukiruka unakosa. Mara moja bei ya mpigaji kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi ya taarab) ilikuwa dakika ya nane na mie niliishia ya tano, nikaja kushtukizwa.

Na hiyo kanuni yenyewe ntaisema. Aliitaka kwa sekunde 30 tu za filamu, ndoto ya mzee, kwa sababu kinanda cha kompyuta hakina ile sauti inayokaa katikati ya vitufe viwili, ya bayati, ile mizani ya muziki wa Kiarabu, na alijaribu kuilazimisha akasema inasikika kama mtu anaongea kiswahili kwa kusoma kamusi. Sawa. Mpigaji akaja, kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, zikakaa juani kwenye gari, kutuni zote karibu saa nzima, na chumba tumekikodi kwa saa, malipo ni yangu. Sekunde 30! Sema ni nzuri jamani, siwezi kusema sio nzuri, ila mngeniambia atuni kwanza ndio niwashe mita ya chumba.

Marekebisho mawili bure, la tatu analipisha. Iko kwenye mkataba na sikusoma, laki moja na nusu ikanitoka. Mchana wa Ramadhani harekodi waimbaji, hilo ni haki yake ila lipange mapema. Na faili hatumi kwa intaneti, anasema linachakachuliwa njiani, mara mbili ameweka flashi kwenye bahasha akampa mtu anayevuka na boti na mie nikaenda kusimama bandarini Dar na kikaratasi chenye jina kama nampokea mgeni wa serikali.

Kama kazi yako ni tangazo la sekunde 30 na linatakiwa kesho, usimfuate, mtagombana. Kama una igizo na una miezi mitatu mfuate hata leo. Filamu pia, lakini funga picha kwanza, pima urefu, na msikilize voisi mpaka mwisho. Ntarudi kwake, tena nshamwambia.

Halafu vikombe vyangu sita anavyo mpaka leo. Ni vya mzee wetu wa filamu, vya kazi yake kweli, sio vya kuigizia, na mzee keshaniuliza mara mbili nikamnunulia vingine anasema havilii sawa. Juzi nimemkumbusha maalim kwa adabu zote, shikamoo maalim, samahani, vile vikombe. Kanijibu kwa voisi ya dakika saba. Mvua, kuku, fidla ya marehemu. Kwenye dakika ya tatu nyuma ya sauti yake nikasikia tik-tik, tik-tik, vimetiwa maji robo, na ule wimbo haumo kwenye filamu yangu.